Makaa Mengi Juu, Machache Chini

Juzi mjukuu wangu alifungua kichupa cha mdalasini jikoni kwangu, na kabla sijajua ninafanya nini, nilikuwa nimemdaka na kuubana mkono wa sweta yake puani kwangu. "Guku, uko sawa?" akaniuliza, mimi bibi yake. Nikamwambia niko sawa kabisa, namtafuta baba yangu. Akanitazama vile watoto wa siku hizi wanavyotazama simu iliyoishiwa na moto. Sikumlaumu. Hakukulia kwenye laini za majani chai, zile nyumba zetu zilizopangwa kama meno chini ya kilima, ambako mtu ulimjua kwa harufu kabla hujamwona uso.

Nyinyi wa rika langu mnakumbuka. Baba wa wenzetu walinuka: jasho, dawa ya kuogeshea ng'ombe, moshi wa kiwanda, na mvua iliyowakaukia mwilini mara tatu kwa siku moja, maana mvua ya Kericho ya saa nane haikuwahi kuchelewa kazini hata siku moja. Baba yangu mimi alinukia. Alikuwa mpishi kwenye nyumba ya meneja, kule juu, na kila siku mwendo wa saa tisa, akishaosha vyombo vya mchana na kabla hajarudi kupika cha jioni, aliteremka kwetu na shati lake jeupe. Mimi na mdogo wangu Petero tulimngoja njiani. Kila mmoja alikamata mkono wake wa shati, tukavuta pumzi mpaka mbavu zikalia.

"Haya, leo ni nini?" Baba aliuliza, amesimama kama mti, mikono ameinyoosha.

"Kuku!" Petero alisema. Petero alisema kuku kila siku ya Mungu, hata Baba alipokuwa amekaanga samaki.

"Pudini ya plamu," nilisema mimi, na mara nyingi sikukosea, kwa sababu mti wa plamu wa meneja ulizaa kana kwamba umeahidiwa cheo.

Hakuruhusiwa kuteremka na hata chembe ya chakula cha kule. Basi aliteremka na maneno. Tulikula ugali wetu na kunde huku yeye anasimulia: "Unapasua plamu katikati, unatoa kokwa. Unazilaza kwenye sufuria na sukari na mdalasini. Juu yake huweki mkate wala chapati. Unakoroga unga wa ngano na mafuta na maziwa na ule unga mweupe wa kuinua, halafu unaudondosha kwa kijiko, vipande vipande, kama mtoto anayechezea matope. Unafunika. Makaa mengi juu, machache chini." Kule juu kulikuwa na oveni kubwa ya chuma, lakini yeye alifundishwa kwa sufuria na makaa, na mpaka anaingia kaburini aliamini oveni ni ya wavivu. Mimi nilimeza kunde, pua iko kwenye plamu. Nimekula pudini kwa pua miaka mitano mizima. Kama pua ingekuwa na tumbo, ningekuwa na kitambi kabla ya kuota meno ya ukubwani.

Lakini nyumbani Baba hakugusa hata mwiko. Kwetu Maragoli, tulikotoka, mwanaume hakuingia penye mafiga. Aliyeingia alisemwa yeye, mtoto wake naye akasemwa, na mjukuu wake akazaliwa akute anasemwa. Kule kwa meneja ilikuwa kazi, na kazi haina haya. Hapa ilikuwa nyumba. Na kama angesahau, Senje Rasoa alikuwepo kumkumbusha. Senje ni dada mkubwa wa Baba. Aliletwa kutulea miezi ile ambayo Mama alikwenda nyumbani Maragoli kujifungua. Alikuwa mwanamke wa kanisa, mrefu, na sauti yake ingeweza kurudisha ng'ombe kutoka Kipkelion.

Sasa niwaambie upumbavu wangu. Nilijua vyakula vya kule juu hubadilika. Lakini chini ya vyakula vyote kulikuwa na mdalasini, na huo niliamini ni wa Baba mwenyewe, unamtoka kwenye ngozi, jinsi tumbaku ilivyomtoka Guga, babu yetu. Na Guga nilimjua vizuri. Alipougua nilikaa naye mkekani, na wiki moja kabla hajafa nikamnusa nikakuta tumbaku imeondoka, amebaki mtu mtupu. Sikumwambia mtu. Nilijiwekea tu moyoni: harufu ya mtu ikiondoka, yeye mwenyewe anafuata.

Ndipo meneja wa zamani akarudi kwao. Bendera ilikuwa imeshabadilishwa, na makasha yao yalipakiwa siku tatu. Meneja mpya akaja na mpishi wake. Baba alipewa shoka, akapelekwa kupasua kuni za kiwanda, yale magogo ya blugamu yaliyokuwa marefu kuliko maisha. Shati jeupe likatundikwa kwenye msumari. Siku ya kwanza alipoteremka tulimkimbilia kama kawaida, Petero mkono huu, mimi mkono ule. Tukavuta pumzi.

Moshi. Moshi na utomvu wa blugamu.

"Kuku?" Petero akauliza, lakini hata yeye hakuamini.

Baba hakuuliza leo ni nini. Alituvua mikononi polepole, akaenda kukaa kwenye kigoda chake nje ya jikoni, mgongo kwa mlango. Akakohoa. Akaacha nusu ya ugali. Kesho yake hivyo hivyo, na kesho kutwa. Msiniulize nililala vipi wiki ile. Nilimwita Petero nyuma ya choo nikamwambia ukweli wote, kwamba Baba anakufa.

"Lini?" akauliza.

"Kabla ya Krismasi."

Akafikiri. "Na Mama anajua?"

"Hajui. Tutamrudishia harufu kabla hajarudi."

Jumamosi moja Senje alikwenda kwenye mkutano wa akina mama wa kanisa. Nikachukua kikapu chake nikapanda kilimani. Ule mti wa plamu ulikuwa nyuma ya ua wa miti iliyokatwa sawasawa kama nywele za askari, na plamu zilikuwa zimejaa chini, zinaoza, nyuki wamelewa. Mtoto wa laini hakuruhusiwa kuvuka pale. Zioze, lakini usiguse. Mlinzi alikuwa Mzee Arap Rono, Mkipsigis wa karibu na Kabianga, na rungu lake lilikuwa refu kuliko mimi.

"Wewe mtoto! Unatafuta nini hapa?"

Nilimwonyesha kikapu. "Plamu, mzee."

"Plamu ya nani?"

"Ya baba yangu."

"Baba yako alipanda huu mti?"

"Hakupanda. Lakini ndiye alikuwa anazipika. Hapa nani mwingine anazijua?"

Mzee Arap Rono alikuna kidevu muda mrefu. Alimjua Baba, walikunywa chai pamoja mlango wa nyuma miaka yote ile. Mwishowe akatazama juu, kwenye matawi. "Mimi niliambiwa kulinda mti," akasema. "Macho yangu sasa imezeeka. Chini haioni kitu. Mtu akipanda juu, huyo nitapiga." Akageuka akanipa mgongo, akaanza kupiga mluzi. Niliokota mpaka kikapu kikajaa, na hata leo nikisema zilikuwa debe zima mjue nimepunguza.

Nyumbani nilishusha shati jeupe kwenye msumari nilivae niwe mpishi kamili. Mfukoni, pale kifuani, nikagusa kitu. Kijiti cha mdalasini, kimebaki urefu wa kidole. Mtu mwenye akili angesema, kumbe harufu ilikuwa inatoka hapa. Mimi nilisema, kumbe uhai wake ameusahau mfukoni.

Nikawasha moto. Nikapasua plamu kwa kisu cha mboga, nikatwanga mdalasini, nikamwaga sukari. Unga wa ngano ulikuwepo, vikombe vitatu, ambao Senje aliuficha chini ya kitanda kwa ajili ya chapati za wageni wa kanisa wa kesho yake. Nikauchukua wote. Mafuta yalikuwepo kwenye mkebe, maziwa lala, yale yaliyoganda, yalikuwepo kwenye kibuyu. Kilichokosekana ni ule unga mweupe wa kuinua. Nikakaa nikafikiri: jikoni kwetu, ni kitu gani chenye nguvu? Na jibu lilikuwa limening'inia juu ya kichwa changu, kwenye kopo lililotobolewa. Munyu. Wale wa magharibi mnaujua: unachoma maganda ya maharagwe, majivu unayatia kwenye kopo lenye matundu, unapitisha maji, na yale maji ya rangi ya chai ndiyo tunalainishia kunde na mrenda. Kijiko kimoja kinatosha sufuria nzima. Kama unaweza kulainisha kunde zilizokomaa, nilijiambia, utashindwa na unga? Nikapitisha maji, nikamimina kikombe.

Jamani! Munyu ulipokutana na maziwa lala, bakuli lilifoka kama limetukanwa. Povu lilipanda, likamwagika, kidogo lishike barabara ya Nakuru. Petero alikimbia akapanda juu ya kitanda chumbani. Mimi nilishangilia, maana Baba alisema lazima uinuke, na huu ulikuwa umeinuka mpaka unataka kuondoka. Nikaudondosha juu ya plamu, vipande vipande, nikafunika, nikaweka makaa matatu juu ya kifuniko.

Hapo ndipo Senje aliporudi.

"Uuwi! Unga wangu! Unga wa wageni! Wewe msichana, nani amekutuma?"

Ningemwambia nini, kwamba kaka yake anakufa na nilikuwa namtibu? Alikuwa ameshavunja fimbo kwenye ua wakati Baba alipofika kutoka kwenye kuni. Hakuingia. Alikaa kwenye kigoda chake kama kawaida, mgongo kwa mlango, miguu imetapakaa vumbi la magome. Senje akaanza kumsomea mashtaka yangu yote tangu kuzaliwa. Nikaona mgongo wa Baba umenyooka. Kichwa kikainuka kidogo, kama mbwa aliyesikia jina lake.

"Juu umeweka makaa mangapi?" akauliza, bila kugeuka.

"Matatu, Baba."

"Ongeza yawe kumi. Chini punguza. Sukari inataka kuungua, naisikia."

"Yohana!" Senje akapiga kelele. "Mtoto amemaliza unga wa kanisa, na wewe unamhesabia makaa?"

"Makaa mengi juu," Baba akasema, "machache chini."

Nilijaribu. Nilinyanyua kaa kwa vijiti viwili likaanguka, nikanyanyua jingine nikaungua kidole, nikalia. Kifuniko kikateleza kidogo, na harufu ikatoka yote kwa mara moja, ikajaa jikoni, ikapita mlangoni. Plamu, sukari, mdalasini. Baba akasimama.

Jiko letu lilikuwa nyuma ya nyumba, mlango wake unatazama njia ambayo laini nzima hupita kwenda mferejini kuchota maji. Wanaume walikuwa wanarudi kutoka kazini. Nyapara wa wachumaji, mtu wa tumbo na mzaha, alikuwa amesimama pale na wenzake watano, na nikisema ishirini mnivumilie. Senje alinyoosha mikono akaziba mlango.

"Hapa hupiti. Baba yetu hakupita."

"Dada, pisha."

"Watu wanakutazama, Yohana! Utakuwa mwanamke?"

"Mama Yohana!" Nyapara akaita kutoka njiani, na wenzake wakacheka mpaka wakashikana mabega. "Mama Yohana, chai iko tayari?"

Baba hakumtazama. Alimtazama dada yake, na alipozungumza sauti yake ilikuwa ya chini kabisa, lakini niliisikia, na mpaka leo naisikia. "Jeneza la baba yetu, Rasoa, lilitoka wapi?"

Mkono mmoja wa Senje ukateremka kutoka kwenye mwimo.

"Lilitoka jikoni. Kwa mikono hii, kwenye jiko la mtu mwingine. Ulilikataa?"

"Sikulikataa."

"Basi pisha."

Akapisha. Baba aliinama kidogo, kwa sababu mlango ulikuwa mfupi, akavuka kizingiti, akapiga magoti kwenye mafiga mbele ya laini nzima. Alipanga makaa yale kwa vidole vitupu, haraka haraka, moja hapa moja pale, kama mtu anayepanga mayai. Aliniuliza, "Umeweka saa ngapi?" kwa heshima, kama mpishi anavyomuuliza mpishi. Tukangoja pamoja. Njiani watu waliongezeka, maana hakuna sinema iliyowahi kuja kwenye laini yetu yenye raha kama hiyo.

Kisha akafunua.

Wenzangu, pudini ilikuwa ya bluu. Si yote. Palipokuwa na unga mtupu palikuwa na rangi nzuri ya kahawia. Lakini kila mahali juisi ya plamu ilipopanda kukutana na ule unga palikuwa pameota mabaka ya bluu, na pembeni kijani, kama wino umemwagikia mwani wa mtoni.

"Hiyo ni dawa ya ng'ombe," Nyapara akasema, na sasa hakuwa anacheka.

"Mungu wangu," Senje akasema. "Umetia nini?"

"Munyu."

"Kiasi gani?"

"Kikombe."

"Kikombe!"

Baba alikitazama kile chakula kwa muda. Huyu ni mtu aliyewahi kumwaga pudini nzima kwa sababu palikuwa na alama ya kidole pembeni. Niliogopa kuliko nilivyoogopa rungu la Arap Rono, kwa sababu sasa nilielewa kwamba nimemuua mimi mwenyewe, na kabla ya Krismasi. Akaomba kijiko. Petero akampa. Baba akachota pale pale penye bluu zaidi, akageuka mlangoni ili wote wamwone, akatia kinywani, akatafuna. Laini nzima ilisimama ikingoja aanguke. Hata kuku walingoja.

Akameza.

"Munyu umezidi," akasema. "Plamu ziko sawasawa." Akachota kijiko cha pili. "Nani mwingine?"

Hakuna aliyesogea.

"Basi simameni hapo mtazame," Baba akasema, "mimi ninakula. Nimewapikia watu miaka kumi na miwili na sijawahi kukaa nikala mezani kwao. Leo mtoto wangu amepika. Nitakula mpaka chini." Na akala, amekaa jikoni, kati ya mafiga na mtungi, miguu ameinyoosha kama mfalme. Mimi na Petero tukala naye. Ilikuwa chachu, tamu, na kwa mbali ilikuwa na sabuni. Sitawadanganya kwa hilo. Nyapara alishindwa na uroho, akaja akachota, akasema ni kama kula siku ya kufua. Akachota tena.

Mmoja wa wale wa njiani akaanza upya, "Mama Yohana, na mimi niwekee!" Hapo Senje akageuka. Ile fimbo yangu ilikuwa bado mkononi mwake. "Unamcheka nani?" akasema. "Huyu ni mtoto wa mama yangu! Anayetaka kucheka aende akacheke kwake, kama kwake kuna cha kunusa!" Njia ikawa tupu. Yeye mwenyewe hakuionja pudini ile, siku hiyo wala siku nyingine yoyote mpaka alipofariki, na wageni wa kanisa aliwapa viazi vitamu akiwaangalia usoni, athubutu mtu kuuliza chapati. Lakini mlangoni hakusimama tena.

Tulipomaliza nilivuta mkono wa shati la kazi la Baba nikaunusa. Moshi ulikuwepo, blugamu ilikuwepo, lakini juu yao alikuwepo yeye. Nikalia kilio cha ajabu, kamasi na vyote, nikamwambia kila kitu, Guga na tumbaku na Krismasi. Hakucheka. Aliushika mkono wa lile shati lake jeupe nililolivaa, ulionifika magotini, akaupeleka puani kwake akavuta pumzi mpaka mwisho.

"Haya," akasema. "Leo ni nini?"

"Pudini ya plamu," nikamwambia. "Na munyu."

Alipasua kuni miaka mingine mingi, na alikohoa, na aliishi mpaka akanigombeza mimi nikiwa bibi. Kila Jumamosi aliingia jikoni mlango wazi, na Mama aliporudi na mtoto mgongoni alimkuta amepiga magoti kwenye mafiga, akasema tu, "Sogea, nawe, niweke maji ya mtoto." Waliotaka kumwita Mama Yohana walimwita. Aliitika.

Nilipoingia gumbaru nikiwa na watoto wanne, mwalimu alituletea maji ya maua mekundu kwenye glasi, akatia magadi, yakageuka bluu. Darasa zima la watu wazima likapiga kelele. Mimi nilinyanyua mkono nikasema, "Mwalimu, hayo nilimaliza nikiwa na miaka tisa." Akafikiri nina dharau. Nilikuwa nayo.

Basi juzi mjukuu wangu aliponusurika na pua yangu, tulipasua plamu. Akatafuta kabatini, akatoa kikopo cha bekin pauda, safi, cha duka. Nikamwambia akirudishe, anishushie kopo langu la munyu pale juu.

"Lakini Guku, itatoka bluu. Wageni watasema nini?"

"Waambie wasimame mlangoni watazame," nikasema. "Na wewe, mbona makaa ni matatu?"